Bushi sugu kwenye kasha la giaboksi: uivute, uigonge, uikate au uikereze?

Bushi ya giaboksi, yaani kile kijibomba cha shaba ambacho shafti huzunguka ndani yake, ni kazi ya asubuhi moja. Ukiwa na kipande cha shaba nyeusi na vipimo sahihi, fundi mkerezaji mzuri wa Mwanjelwa au Ipogolo atakutolea mpya kabla ya chakula cha mchana. Kasha ni habari nyingine. Kasha la BSA au Triumph ya miaka ya 1950, au la zile Honda na Suzuki za kwanza kwanza ambazo bado zimeegeshwa kwa wastaafu huku Nyanda za Juu Kusini, hulikuti kwenye duka lolote la vipuri kati ya Tunduma na Iringa. Ukuta wake ukipasuka, au tundu linaloshika bushi likichubuka, umebaki na pikipiki ya kutazama.

Kwa sababu hiyo nazipima njia zote hapa chini kwa swali moja: ipi inalilinda kasha? Bushi siionei huruma hata kidogo. Mafundi wengi hufanya kinyume, wanahangaika kuitoa bushi ikiwa nzima, na katika kuhangaika huko ndipo kasha linapoumia.

Kabla ya kushika chombo chochote, safisha eneo la bushi mpaka uone chuma cheupe, kisha tazama vitu vinne. Je, bushi ina ukingo upande mmoja? Ikiwa nao, inatoka upande mmoja tu, na ukiisukuma kinyume unalisukuma kasha lenyewe. Je, kuna pini au skrubu ndogo iliyoizuia isizunguke? Hufichwa na uchafu na rangi, na nimeona watu wakisukuma bushi iliyofungwa kwa pini kana kwamba ni kutu tu. Je, fundi aliyetangulia alipiga alama za sindano ya chuma kuzunguka ukingo ili kuibana bushi iliyolegea? Hizo zitolewe kwanza kwa tupa ndogo. Mwisho, tundu la mafuta: chora kwa kalamu, kwenye kasha, lilikoelekea. Bila alama hiyo bushi mpya itakaa vizuri na kukauka mafuta.

Moto: maji ya moto, oveni, au gesi ya kuchomelea

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fundi wa pikipiki amezoea beringi. Anapasha kasha moto, analigonga kwenye ubao, beringi inadondoka yenyewe. Anakuja kwenye bushi, anapasha vilevile, haidondoki. Anadhani moto hautoshi, anaongeza. Bado. Anachukua gesi ya kuchomelea. Kumbe tatizo si moto kuwa mdogo. Urefu wa mita moja wa aluminiamu huongezeka milimita 0.023 hivi kwa kila nyuzijoto moja. Chuma cha pua cha beringi huongezeka kama 0.012, shaba nyeusi ya bushi huongezeka kama 0.018. Maana yake shaba inalifuata kasha kwa karibu sana. Chukua bushi yenye kipenyo cha nje cha milimita 25 na upashe kila kitu kwa nyuzijoto 130 zaidi ya hewa ya kawaida. Kama ingekuwa beringi ya chuma, ungepata nafasi ya karibu milimita 0.036. Kwa bushi ya shaba hupati hata nusu yake, ni kama 0.016 tu. Na bushi hizi mara nyingi hupachikwa zikiwa kubwa kuliko tundu lake kwa milimita 0.03 hadi 0.05. Hesabu haifiki. Moto peke yake unapunguza mbano, hauondoi.

Ukiijua hesabu hiyo, utaacha kuongeza moto na utaanza kutafuta nguvu ya kuvuta pamoja na baridi ya kuipoza bushi.

Tuje kwenye vyanzo vya moto. Maji yanayochemka ni salama kuliko vyote, hayawezi kuliharibu kasha. Ila kumbuka ulipo. Mbeya mjini, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzijoto 94, na Njombe, iliyo juu zaidi, hata hapo hayafiki. Ukilitoa kasha kwenye sufuria asubuhi ya mwezi wa saba, linapoteza joto kabla hujapata spana. Kwa beringi maji yanatosha. Kwa bushi sugu ni ya kuanzia tu.

Oveni ndiyo chaguo langu. Nyuzijoto 150, dakika arobaini hivi, kasha zima linapata joto sawasawa na halipindi. Lioshe kwanza kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni na maji moto, likauke kabisa. Petroli isikaribie oveni kwa namna yoyote, mvuke wake unalipuka. Usipokuwa na oveni, jiko la mkaa linafaa: weka bati nene juu ya jiko, kasha juu ya bati, kisha funika kwa sufuria kubwa ili joto lizunguke. Kupima, dondosha tone la maji kwenye aluminiamu. Likichemka na kukauka mara moja, umepita 100, endelea kidogo. Likianza kukimbiakimbia kama shanga bila kukauka, umezidisha, ondoa.

Gesi ya kuchomelea naiweka mwisho, na kwa mtu asiyeizoea naikataza. Inapasha sehemu moja huku nyingine ikiwa baridi, na kasha linapinda. Isitoshe aluminiamu haikuonyi: haiwi nyekundu kama chuma, inabaki nyeupe mpaka inapobomoka. Kama huna budi kuitumia, sugua sabuni ya mche kavu kando ya bushi. Ikigeuka kahawia iliyokolea na kuelekea weusi, aluminiamu imeshafika joto la kulainika, na ulipaswa kuwa umeacha zamani.

Kuhusu baridi, wengi hawaitumii ilhali karibu haina gharama. Zile barafu za kwenye mifuko myembamba ya nailoni ambazo watoto huzinunua mtaani zinaingia ndani ya bushi kana kwamba zilitengenezwa kwa kazi hiyo. Kasha likitoka kwenye moto, ingiza barafu ndani ya bushi kwa nusu dakika, itoe, kausha, vuta. Bushi ikipoa nyuzijoto 80 kuliko kasha linaloizunguka, kipenyo chake cha milimita 25 kinapungua kama 0.036. Ongeza na ile 0.016 ya moto, na sasa hesabu imefika. Muda ni mfupi, joto la kasha linaingia kwenye bushi haraka, kwa hiyo vifaa viwe tayari mezani kabla hujafungua jiko.

Nyundo au bolti, kwa bushi iliyotoboka pande zote

Nyundo ina sifa moja ya kweli: mshtuko wake huvunja kutu nyeupe ya aluminiamu iliyojengeka kati ya kasha na shaba, hasa kwenye pikipiki zilizolala kwenye vibanda vya mvua kama vya Rungwe. Ukitaka kuigonga, kerezesha kigongeo cha ngazi, yaani kipande cha chuma ambacho ncha yake inaingia ndani ya bushi na bega lake linakaa juu ya ukingo wote wa bushi, likiwa dogo kidogo kuliko kipenyo cha nje. Kasha likae juu ya bomba au gogo lililotobolewa, liegemee pale pale kuzunguka bushi. Halafu piga mapigo machache mazito. Mapigo mengi mepesi yanaitawanya shaba mdomoni, nayo inazidi kubana.

Kinachofanyika kwenye gereji nyingi ni kingine kabisa: kasha juu ya sakafu, ncha ya bisibisi au kipande cha nondo upande mmoja wa bushi, nyundo. Bushi inalala upande, ukingo wake unachimba aluminiamu, na hata ikitoka imeacha mfereji. Njia hiyo siiweki kwenye ulinganisho.

Bolti naipenda zaidi, na sioni aibu kusema nimeegemea upande huo. Unahitaji bolti ndefu ya M12 (unene wa milimita 12) ya daraja la nguvu 8.8, nati, washa nene, kipande cha bomba ambacho bushi inaweza kupita ndani yake, na kisahani kidogo kuliko kipenyo cha nje cha bushi. Bomba linakaa upande mmoja juu ya kasha, kisahani upande wa pili juu ya bushi, bolti katikati. Ukikaza nati, bushi inavutwa kuingia ndani ya bomba. Bolti hiyo inaweza kuvuta zaidi ya tani tatu, na nguvu yote inazunguka kati ya bomba na bushi. Ukuta wa kasha haupindishwi, na hakuna pigo linaloweza kuupasua. Paka nyuzi za bolti grisi, la sivyo sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako itaishia kwenye msuguano.

Siri yake ni kukaza kwanza ndipo upashe. Kaza mpaka nati igome, peleka kila kitu kwenye oveni kikiwa kimekazwa hivyo hivyo, halafu kaza tena kikiwa cha moto. Mara nyingi utasikia mlio mmoja mkavu, na kuanzia hapo nati inazunguka kwa utulivu. Usiposikia kitu, rudia mara moja zaidi. Ukikaza mpaka bolti inaanza kurefuka, acha. Hiyo si bushi ya kuvutwa.

Presi ya jeki ipo katikati ya hizi mbili. Kwa kava ya ndani iliyo bapa ni nzuri na ya haraka. Kwa kasha kuu siipendi, kwa sababu umbo lake halikai sawa mezani, na mkono ulio kwenye jeki hausikii tofauti kati ya bushi inayosogea na ukuta unaopinda.

Kama kazi unampelekea fundi mwingine, mwambie mapema na kwa heshima: «Fundi, hili naomba tusiligonge. Bolti na bomba nimekuja navyo.» Fundi mzuri hatachukia. Atakayekujibu kwamba yeye ametoa mia kwa nyundo, mshukuru, beba kasha lako.

Grisi au tepu, kwa bushi iliyozibwa nyuma

Giaboksi nyingi za Kiingereza za zama hizo ziliizungusha shafti ya pili kwenye bushi za shaba badala ya beringi, na mara nyingine bushi imekaa kwenye shimo lisilotokea upande wa pili. Bolti ya kupenya haina pa kupita.

Njia maarufu ni grisi. Unaijaza bushi grisi, unaingiza chuma cha mviringo kinachobana vizuri ndani yake, unakipiga. Grisi haina pa kwenda, inaingia nyuma ya bushi na kuisukuma nje. Wengine hutumia karatasi iliyoloweshwa, hata mkate. Kwa bushi ya wastani inafanya kazi vizuri na ni rahisi. Ila ina madhaifu matatu ambayo mashabiki wake huyapitia juujuu. Bushi ikiwa na tundu la mafuta au mifereji, shinikizo linavujia huko. Ikiwa imelika, chuma chako hakibani, na grisi inakurukia usoni, vaa miwani. La tatu ndilo linalonitisha: shinikizo lilelile linaloisukuma bushi linasukuma pia ukuta wa nyuma wa kasha, ambao mara nyingi ni mwembamba. Ukuta huo ukikatika, hakuna bushi duniani yenye thamani ya hasara hiyo. Zaidi ya hayo, grisi na moto havipatani, kwa sababu ikiwa ya moto inakuwa nyepesi na kuvuja. Unalazimika kuacha silaha yako kuu.

Tepu ya kukatia nyuzi ni ya taratibu zaidi, ila nguvu yake haigusi ukuta wa nyuma. Unakata nyuzi ndani ya bushi, unafunga bolti humo, unaweka bomba na nati kama kwa bushi ya wazi, unavuta. Vipimo vinakubali vizuri: bushi yenye tundu la milimita 14 inapokea M16 ya kawaida, tundu la inchi 5/8 linapokea M18, la inchi 11/16 linapokea M20. Mara nyingine unapoizungusha tepu bushi yenyewe inazunguka. Hiyo ni habari njema, imeshaachia. Angalizo ni unene. Nyuzi za M16 zinakula milimita moja na zaidi kila upande, kwa hiyo bushi yenye ukuta wa milimita mbili itabaki kama karatasi na nyuzi zitang'oka. Yenye milimita tatu au zaidi haina wasiwasi. Usiache ncha ya bolti ifike chini na kusukuma ukuta wa nyuma. Umerudi kwenye hatari ya grisi kwa mlango mwingine.

Kwa bushi iliyozibwa nachagua tepu kila ninapokuta ukuta wa bushi ni mnene wa kutosha. Grisi naiachia bushi ndogo, isiyo na matundu, kwenye kasha lenye ukuta mnene nyuma.

Msumeno au mashine, pale zote zilipogoma

Kuna bushi hazivutiki. Maji na miaka vimekula aluminiamu kuzunguka shaba, au mtu alimimina gundi ya vyuma. Hapo unaacha kuitoa bushi na kuanza kuiangamiza.

Msumeno wa chuma unahitaji subira tu. Pitisha ubao wa msumeno ndani ya bushi, ufunge kwenye fremu yake, kata kutoka ndani kuelekea nje kwa urefu wote. Kata sehemu mbili zilizoachana kama upana wa kidole. Tazama unga unaodondoka: ukiwa wa njano bado uko kwenye shaba, ukianza kuchanganyika na weupe simama hapo hapo. Kusema kweli ni bora kusimama kabla, ubaki utando mwembamba, kisha kipande cha katikati ukikunjie ndani kwa tindo nyembamba. Kikishatoka, bushi nzima inalegea. Kwa bushi iliyozibwa fremu haipiti, unashika ubao kwa mkono uliofungwa kitambaa, na kazi inaweza kukuchukua siku.

Mashine ya kukereza inatoa matokeo safi kuliko zote, kwa sharti moja ambalo lazima ulisimamie mwenyewe. Mkerezaji atataka kuweka katikati kwa kufuata tundu la ndani la bushi. Mkatalie. Tundu hilo limelika upande mmoja, ndiyo maana unaibadilisha bushi. Akilifuata, kisu kitatoka katikati ya kweli na kukata aluminiamu upande mmoja huku kikiacha shaba upande wa pili. Afuate kipenyo cha nje cha bushi pale kinapoonekana, au tundu la beringi kubwa pamoja na pini za kuungia kasha. Aache utando wa milimita 0.2 au 0.3, usiguse aluminiamu. Utando huo unautoa mwenyewe kwa ncha ya bisibisi ndogo.

Ukiwa Mbeya au Iringa mjini, ulizia wakerezaji wa maeneo ya SIDO (shirika la viwanda vidogo), nenda na kasha mkononi, zungumza na atakayeshika mashine mwenyewe. Ukiwa Makete au Ludewa, kulituma kasha kwa basi kunawezekana kama limefungwa kwenye blanketi ndani ya boksi la mbao, lakini huwezi kusimama kando ya mashine na kusema «hapana, si hapo». Kwa kasha la thamani, kama huwezi kusafiri nalo, naona heri msumeno na jioni kadhaa.

Kuna bushi na beringi chache za chuma, si za shaba, zilizokaa kwenye aluminiamu. Kwa hizo kuna njia nyingine nzuri sana: mchomeleaji apitishe mstari mmoja wa weldi kuzunguka ndani ya chuma hicho. Kikipoa kinajikunja na kuwa kidogo, mara nyingi kinatoka kwa vidole. Kwa shaba msijaribu.

Tundu likishabaki tupu, lipime kwa maikromita mara mbili, upande huu na upande ulioupita kama msalaba, kabla hujaagiza bushi. Kama limeongezeka, bushi mpya ikerezwe kubwa kwa kiasi hicho, siyo kulipigia kasha alama za sindano ili libane. Ikishapachikwa, tundu la ndani litapungua karibu sawa na mbano uliouweka, kwa hiyo malizia kwa rima (chombo cha kupanua tundu kidogo kidogo kwa usahihi) baada ya kupachika, siyo kabla. Na uliza shaba inatoka wapi. Vipande vya njano ing'aayo vinavyouzwa kwenye vyuma chakavu mara nyingi ni shaba njano ya mabomba na makoki. Inakerezeka kwa urahisi na inavutia macho, lakini kwenye giaboksi italika mapema. Bushi za pampu kubwa zilizochakaa, zenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, huwa ni malighafi bora.